Akipata Wellesley, aende?

Binti wa kaka yangu amekubaliwa Wellesley, chuo cha wanawake nje kidogo ya Boston, na ana hadi tarehe 1 Mei kujibu. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakulaliki. Wajomba wanauliza mume atampata wapi. Mwenyewe, aliyelala mabweni ya wasichana tangu kidato cha kwanza, ananiambia, "Shangazi, wasichana tena miaka minne?" Naona wote wanabishania jambo dogo.

Wavulana wapo. Basi linaenda Cambridge, mji jirani na Boston, na mwanafunzi wa Wellesley anaruhusiwa kuchukua baadhi ya masomo MIT, chuo cha teknolojia kilichopo huko, chenye wavulana na wasichana. Isitoshe, Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka 1960 alifikia Mount St. Scholastica, Kansas, chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Kibenediktini, akasoma biolojia hadi 1964. Sijamsikia mtu akisema masista walimharibu.

Kinachoninyima usingizi ni ugumu wa masomo. Mtoto huyu hajawahi kuwa wa pili darasani. Huko atakutana na mamia ya wasichana ambao nao hawajawahi kuwa wa pili, na lazima yupo atakayekuwa wa mia tatu. Kuanzia 2004 hadi 2019 Wellesley walikuwa na kanuni kwamba wastani wa alama katika kozi za mwanzo na za kati usizidi B+, kwa sababu A zilikuwa zimeanza kugawiwa kama njugu. Wachumi wa chuo hichohicho walipochunguza matokeo, wakakuta wanafunzi wanazikimbia idara zilizolazimika kupunguza alama na kuwapa walimu wake tathmini mbaya. Hata mabingwa wanaiogopa B!

Kanuni ilifutwa, kazi ikabaki. Unasoma kurasa na kurasa kabla ya kipindi, kisha mnakaa wachache kuizunguka meza na mwalimu anakugeukia: wewe unaonaje? Huulizwi mwandishi kasema nini, hilo anajua umeshalisoma. Sisi tuliokulia kwenye notsi za ubaoni tunaujua ukimya unaofuata hapo. Msichana mwerevu aliyefundishwa kwamba adabu ni kunyamaza atateseka muhula mzima, na hakuna wa kumnusuru ila mdomo wake mwenyewe.

Pesa nayo isichukuliwe juu juu. Chuo huahidi kuziba pengo lote la mahitaji ya aliyekubaliwa, ila hesabu ya mahitaji hayo wanaipiga wao. Barua ya msaada isomwe mstari kwa mstari: ada, bweni, chakula, bima ya afya, na je, nauli ya ndege imo? Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza dola 185, zote kabla hajaiona Boston. Kazi za chuoni, kwa mwenye viza ya mwanafunzi, haziruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayetegemea kutumiwa chochote kutoka huko asubiri sana.

Kaka yangu anataka binti yake awe daktari, na hapo ndipo tunapogombana. Muhimbili, chuo cha udaktari cha Dar, mtu anaingia akitoka kidato cha sita, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Marekani udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari za huko hazipokei wageni, au zinawadai pesa ambayo ukoo wetu wote ukiuza mashamba haifiki. Mwenye nia ya koti jeupe abaki Dar. Vyuo kama Wellesley vinamfaa ambaye bado anajitafuta: somo kuu linachaguliwa mwaka wa pili, na kabla ya hapo unachanganya hisabati, falsafa na historia ya sanaa bila chuo kukuuliza utaajiriwa wapi. (Ndugu watauliza, tena kila Krismasi.)

Binti huyu anapenda uchumi na hubishana na baba yake mpaka ugali unapoa. Kama nauli ikipatikana, mimi nasema aende. Mdogo wake, mpole, anayetaka udaktari tangu darasa la tano, hata akilipiwa kila senti nitamwambia abaki.