Siku mvuvi aliposimamisha igizo

Msemo wetu watu wa Tanga, "waja leo waondoka leo", unapendeza ukiwa umeandikwa nyuma ya basi. Kwenye sanaa ya kuelimisha jamii unaniuma, maana ndivyo tunavyoifanya kazi yenyewe. Twaja leo, twaondoka leo.

Nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo hapa mjini kwa miaka saba. Kazi ziliingia kwa mtindo mmoja. Shirika linakuja na mada, na ujumbe ulioandikwa tayari, na fulana. Sisi tunapiga ngoma ya kukusanyia watu, tunatia vichekesho viwili vitatu, kisha mhusika mbaya anapatwa na mkosi na mhusika mwema anawageukia watazamaji kuwasomea ule ujumbe. Picha zinapigwa, karatasi ya mahudhurio inasainiwa, gari linawashwa.

Mwaka mmoja tulipelekwa kijiji cha wavuvi kusini ya mji tukaigize juu ya uvuvi wa baruti. Uvuvi huo umekatazwa kisheria Tanzania tangu 1970, lakini mwambao wa Tanga ulijulikana nao kwa ubaya kwa miaka mingi, hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kutangazwa mwaka 2009. Bomu haliulizi. Linaua mkubwa na mchanga, anayeliwa na asiyeliwa, na tumbawe lililochukua umri wa mtu kukua linabaki kifusi. Hayo yote tuliyasema. Mimi nilikuwa mvuvi aliyekatika mkono. Nililia kisawasawa, na makofi nikapigiwa.

Usiku ule gari liliharibika, tukalala kijijini. Alfajiri, tukimsubiri fundi, ukaja mlio kutoka baharini, mzito, kama mlango wa chuma uliobamizwa chini ya maji. Mzee aliyekuwa akituuzia chai hakuinua hata uso. Akaendelea kummiminia mwenzangu kikombe cha pili.

Mlio ule ulinifanya nianze kuwaza upya kazi niliyokuwa naifanya. Tulikuwa tumewaambia wenyeji jambo wanalolijua kutushinda. Hakuna mtoto wa kijiji kile asiyejua bomu linafanya nini kwenye mwamba. Walitupigia makofi kama unavyomsifu mgeni aliyejitahidi kusema lugha yako.

Na ajabu ni kwamba pwani hii ina mafundi wa kufikisha ujumbe bila kuhubiri tangu zamani. Mtazame Bi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akatorokea bara, huku mbele ya mahakama mashahidi wakigeuka wakosaji. Hakuna mahali anaposimama kusema mahakama ya wakoloni inaonea wanyonge. Anasimulia tu, kwa majina na mambo yalivyotokea, na msikilizaji anabaki na uchungu wake mkononi asijue auweke wapi. Aliyeandika maisha ya mama huyo ni Shaaban Robert, wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani, aliyezikwa Machui. Na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali ya kikoloni hapa Tanga kitabu chake cha Kusadikika kilipotoka mwaka 1951. Nchi inayoelea angani, mshtakiwa anayejitetea kwa hadithi za wajumbe waliotumwa kutafuta mema na kurudi kutupwa gerezani. Aliyekuwa akitawaliwa alielewa. Wakubwa wa ofisini waliona ngano.

Taarabu ndiyo inayonishawishi zaidi. Enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, sikuwepo, lakini nimekulia kwenye harusi ambazo nyimbo zao bado zinapigwa. Angalia mwanamke anapoinuka kwenda kutunza. Hainuki tangu wimbo unaanza. Anangoja beti yake. Ikifika ile beti inayosema lililo kifuani mwake, ndipo anatembea taratibu, noti juu, mbele ya wifi, mbele ya mume, mbele ya jirani, na ukumbi mzima unajua amesema nini bila yeye kufungua mdomo. Wimbo ni wa mwimbaji, kauli imekuwa ya kwake. Sijui sanaa gani nyingine inayompa mtu asiye na sauti nafasi kama hiyo, tena hadharani, tena akiwa amevaa vizuri.

Wapo watakaosema mafumbo ni mambo ya harusini, kwamba maradhi na sheria vinataka maneno bayana. Nitawakumbusha Mkwaju. Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati mwaka 1993, Mkwaju alikuwa dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu alikuwa nyumbani akivumilia, mpaka uvumilivu ukamwisha. Watu walimchukia Mkwaju, wakamcheka, wakambishania kwenye vijiwe. Eneo la Dodoma liliachwa bila matangazo hayo hadi 1995 ili watafiti walinganishe, na tofauti ikaonekana: kule mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walianza uzazi wa mpango na kutumia kondomu. Mchezo wenyewe hausahauliki kwa sababu kila mtu alikuwa na Mkwaju wake anayemjua.

Basi tulirudi kule kijijini. Tulikuwa wanne, nauli zetu wenyewe, bila fulana. Tulifikia kwa shangazi yake mwenzetu mmoja, tukakaa siku tano. Hatukuigiza kitu siku tatu za mwanzo. Tulishinda diko, pale samaki wanaposhushwa, na wanawake wanaonunua samaki wa kukaanga.

Mmoja wao alinishikisha samaki aina ya changu. Kwa nje alikuwa mzima, magamba yanang'aa. Akaniambia nimbonyeze mgongoni. Kidole kikazama.

"Huyu hana mgongo," akasema. "Bomu limemvunja ndani kwa ndani. Nisipomkaanga leo hii, jioni ananuka."

Nikamuuliza kwa nini anamnunua.

"Mwenye boti ndiye aliyenikopesha mtaji, mwanangu. Nikimkataa samaki wake, kesho nikale wapi?"

Hilo halikuwemo kwenye ujumbe wowote tuliowahi kupewa. Tulitunga igizo jipya papo hapo, bila mwisho. Mama muuza samaki, na mwenye boti ambaye tumemfanya mkwewe, mume wa binti yake. Mkwe analeta ndoo ya samaki wa bomu. Mama anajua. Tukaliigiza jioni ya siku ya nne chini ya mkungu, tukiwa tumewaambia watu kwamba yeyote akiona tumekosea, atusimamishe. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, ndiye aliyeueneza, na huku kwetu Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa na wanakijiji mpaka igizo likawa la wanakijiji, juu ya mimba za wasichana.

Mwenzetu aliyecheza mama akaanza kumfokea mkwe. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele, bado na shati la kuvulia, akainuka.

"Simamisheni! Mama mkwe hasemi hivyo na mkwewe."

Tukamwambia aje aonyeshe. Akachukua khanga ya mwigizaji, akajifunga kichwani, na kicheko kikatanda. Kisha akatulia. Akaokota kandambili iliyokuwa ndiyo samaki wetu, akaibonyeza polepole, akainamisha macho kama mama mwenye haya mbele ya mkwe, akasema kwa upole kabisa:

"Mkwe wangu, huyu samaki mgongo wake ameuacha wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama mwigizaji wetu aliyekuwa mkwe, akakosa la kujibu. Kweli alikosa, hakuwa akiigiza. Halafu wanawake wakaanza. Mmoja akasema tukikataa sote siku moja, ndoo zitarudi baharini. Mwingine akamwambia yeye ana mume anayetuma pesa kutoka mjini, asiwasemee wenye njaa. Vijana wakasema wanaofadhili baruti hawakai kijijini, wanakaa mjini na wana majina. Hapo wazee wakakohoa. Tuliachana usiku, kwa mwanga wa simu, bila kuafikiana.

Baruti imepungua sana tangu wakati ule, na sifa za hilo nawapa waliofanya doria na waliowafikisha wahusika mahakamani. Sidai kwamba igizo letu lilizuia hata bomu moja. Ila najua jioni ile watu walibishana hadharani jambo ambalo kwa miaka lilizungumzwa kwa kukohoa tu, na aliyefungua mlango ni mvuvi kwa sentensi yake. Sisi tulikuwa tumeacha nafasi ya yeye kusimama. Kwa hiyo nikiombwa leo na shirika kuandaa kazi, nauliza mambo mawili: tutakaa siku ngapi kabla ya kuigiza, na je, igizo linaruhusiwa kukosa mwisho? Wengi hawarudi tena. Nawaelewa, wana ripoti za kuandika, nasi wasanii tuna watoto wa kulisha, na sijamlaumu hata siku moja mwenzangu anayevaa fulana ili apate kodi ya nyumba. Lakini siku hizi siwezi kusimama mbele ya watu wazima kuwasomea wanachokijua.

Mwaka jana nilikwenda kule kwa msiba. Yule shangazi aliyetulaza alinisimulia kikao cha wazazi shuleni kwao. Mweka hazina wa kamati alisoma hesabu ya michango ya madawati, haraka haraka, akafunga daftari. Mwanamke mmoja akainua mkono kutoka nyuma.

"Samahani, baba. Hesabu hiyo mgongo wake imeuacha wapi?"

Shangazi anasema kikao kizima kilimgeukia mweka hazina, naye akafungua daftari tena, akaanza ukurasa wa kwanza.