Risasi za kupakwa rangi kwenye gobore: zinafaa wapi, zinakwama wapi

Huko Marekani, ambako kulenga shabaha kwa bunduki za baruti nyeusi ni mchezo wenye chama chake cha kitaifa tangu 1933, wapigaji wengi hujitengenezea risasi nyumbani. Siku hizi baadhi yao wameacha kuzipaka mafuta. Wanazipaka rangi ya unga, ile ile ya mageti na rimu za magari, kisha wanazioka kwenye tanuri la nyuzi 200 hivi za Selsiasi kwa dakika kama 20. Zinatoka kavu, nyekundu au kijani, wala haziachi weusi vidoleni. Kwenye bunduki za kisasa zimeshajipatia sifa. Ubishi uliobaki ni kama zinafaa kwenye gobore, bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na kwenye bunduki za karne ya 19 zinazotumia ganda.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na anayeshika risasi tupu jioni nzima huondoka na sumu hiyo mikononi. Rangi hupunguza hilo. Pia risasi iliyopakwa nta ikikaa kwenye joto, nta huyeyuka na kuingia kwenye baruti. Na kwenye bunduki za kisasa, zenye shinikizo kubwa, rangi huzuia madini laini yasigande ndani ya mtutu.

Lakini kwa gobore, madini kuganda mtutuni si shida kubwa. Shida yake ni masizi. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10, na ikishaungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa chembe ngumu. Nyingine hutoka kama moshi, nyingine hubaki ndani. Hewa ikiwa kavu, masizi hayo hukauka yakawa gamba, na baada ya mapigo machache tu unausikia mdeki, fimbo ya kushindilia, unagoma katikati ya njia. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walichanganya nta ya nyuki na shahamu: mchanganyiko huo hulainisha masizi, na risasi inayofuata huyasukuma. Rangi haiwezi kazi hiyo. Unaweza kupaka mafuta juu ya rangi, au kuweka kipande cha sufu chenye mafuta chini ya risasi, na itafanya kazi vizuri. Ila ukavu uliokufanya upake rangi umeshaupoteza.

Tena inategemea bunduki. Gobore la goroli, yaani risasi ya duara, hutumia kitambaa chenye mafuta kilichozungushiwa goroli, kwa hiyo madini hayagusi mtutu hata kidogo. Rangi hapo haina la kufanya. Bastola za fataki kama Colt ya 1851 hupokea goroli pana kidogo kuliko tundu lake. Ukiishindilia, ukingo wa tundu hukwangua pete nyembamba ya madini, na rangi huondoka nayo mahali pale pale ambapo goroli itagusana na mtutu.

Risasi ya Minié, ya mwishoni mwa miaka ya 1840, ndiyo inayonifanya nisisitize tahadhari. Imeundwa iteleze kwa urahisi hadi chini, kisha tako lake lenye shimo litanuke baruti inapolipuka. Rangi huongeza kama inchi 0.002 au 0.003 kwenye kipenyo. Kwenye mtutu safi huenda usigundue. Kwenye mtutu wenye masizi, risasi inaweza kukwama kabla ya kufika kwenye baruti. Kinyume chake pia kipo: risasi kavu inayoteleza, isiyobana vizuri, inaweza kusogea mbele mwindaji anapoinamisha bunduki. Kwa vyovyote vile hubaki nafasi tupu kati ya baruti na risasi, na kufyatua hapo kunaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Anayetaka kujaribu aanze na kalibu (chombo cha kusubia risasi) ndogo zaidi, na aweke alama kwenye mdeki ili ajue risasi imekaa pale inapotakiwa.

Hoja ya kwamba rangi ni usaliti wa mila siiungi mkono. Katika karne ya 19 risasi za shabaha ya mbali zilivishwa karatasi, ili madini yasiguse mtutu. Kwenye shindano la shabaha huko Creedmoor, New York, mwaka 1874, Wamarekani wenye bunduki za kujazwa nyuma waliwashinda Waayalandi wenye za kushindilia kwa pointi 934 dhidi ya 931. Ni katika hizo za kujazwa nyuma, kwa mfano za ganda la .45-70, ninapoikubali rangi. Risasi haipiti juu ya masizi wakati wa kujaza, na mpigaji anaweza kupuliza pumzi mtutuni kwa mrija kati ya pigo na pigo. Unyevu wa pumzi hulainisha gamba.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hulichanganya. California imepiga marufuku kuwinda kwa risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi tangu Julai 1, 2019, na wasiwasi kuhusu tai aina ya kondori, wanaokula vipande vilivyobaki kwenye mizoga, ulichangia sana. Rangi haibadilishi kilichomo ndani: risasi ikigonga mfupa, vipande vinavyotawanyika nyamani ni vile vile. Mwindaji wa huko mwenye gobore anahitaji risasi ya shaba au ya madini mengine yanayokubalika.