Babu Mzungu Kachacha, Mzigo Kabeba Nani?

Kwa sisi tunaoishi Pwani ya Kenya, kati ya Mtwapa na Malindi, mzungu maskini si habari. Utamkuta kibandani asubuhi, kaptula ileile, kandambili zimelika kisigino, anakunywa chai ya rangi kwa mkopo. Vijana wa boda hawamwiti kwa jina, wanamwita Mjerumani au Mtaliano, na wakimwona anatembea juani kwa miguu hucheka: mzungu kachacha! Kibali chake cha kukaa kiliisha zamani, pasipoti pengine nayo imeisha, na ubalozi wake uko Nairobi, safari ambayo nauli yake ni chakula cha wiki nzima.

Mimi sicheki, ila sina machozi ya kumwaga pia. Tusidanganyane: baadhi ya wazee hawa walikuja kutafuta raha ya bei rahisi, wakaahidi ndoa nyumba tatu kwa wakati mmoja, wakanywa hela yote. Wengine walikuwa watu wa maana waliofanya kazi na kulipa watu vizuri. Wema kwa wabaya, wote sasa wana miaka sabini na kitu na mfuko mtupu. Kinachonikera ni kwamba mzee akishaishiwa, gharama ya uzee wake haipotei hewani. Kuna mtu anailipa, na kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke wa hapa ambaye hakuna serikali iliyomuuliza kama ataweza.

Kuna nyumba moja naijua, ya vyumba viwili, bati linavuja. Dada mwenye nyumba aliajiriwa na babu wa Kijerumani kupika na kufua. Mshahara ukaanza kuchelewa, ukawa nusu, ukakatika. Yeye hakuondoka. Nyumba ya babu ilipokwenda, alimhamishia kwake. Alfajiri anakaanga mahamri, anachemsha mbaazi, anauza mpaka saa tatu, na katika faida hiyo zinatoka dawa za presha na nepi za watu wazima. Babu alipigwa na kiharusi, upande mmoja umelala. Kumgeuza ni kazi ya watu wawili: wanapitisha leso chini ya mgongo, dada anashika pembe mbili, mwanawe wa darasa la saba anashika mbili, wanahesabu moja, mbili, tatu. Wanafanya hivyo usiku pia, la sivyo mgongo unachubuka.

Nilimwuliza mbona hampeleki ubalozini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Nimpeleke na nini? Na wakimchukua, huko anapokewa na nani? Watoto wake hawashiki simu.”

Mara ya mwisho alipompeleka zahanati, mhudumu aliona ngozi kabla ya kuona mgonjwa, na bei ikapanda hapohapo. Bei ya mzungu inalipwa kwa hela ya mahamri.

Watu wa mbali huniuliza wazee hawa walifikaje hapa. Malindi ina hadithi yake: Waitaliano walikuja na roketi. Miaka ya sitini walijenga kituo cha San Marco baharini pale Ngomeni, na Aprili 1967 wakarusha satelaiti kutoka huko. Mafundi walipenda bahari, wakaleta ndugu, ndugu wakaleta rafiki, na leo watoto wa ufukweni wanaongea Kitaliano kabla hawajakijua vizuri Kiingereza cha shule. Wajerumani na Waingereza wengi walikuja kupitia hoteli za kitalii, Mtwapa, Bamburi, Diani. Walifungua vijibaa, nyumba za wageni, boti za kuzamia. Biashara hizo zilitegemea ndege zijae. Mei 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, Uingereza ilitoa onyo la kutosafiri Mombasa, wageni wakarudishwa kwao katikati ya likizo. Hoteli zikafunga milango. Wakati hali inaanza kutengemaa ikaja korona. Mtu wa miaka arobaini anaweza kuanza upya mara mbili. Wa miaka sabini hawezi.

Kuna na suala la ardhi. Katiba ya 2010, ibara ya 65, hairuhusu mgeni kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na isizidi miaka 99. Naunga mkono ibara hiyo kwa mikono miwili, maana Pwani tumenyang'anywa vya kutosha. Lakini wengi waliizunguka kwa kuandikisha nyumba kwa jina la mke, la rafiki, la kampuni ya kubuni. Mapenzi yalipoisha na nyumba ikaisha. Ndiyo maana utamkuta mtu aliyejenga jumba la makuti ghorofa mbili sasa anapanga chumba kimoja nyuma ya soko.

Sasa tazama upande wa nchi zao, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kila mwaka kwa raia anayeishi nyumbani, au Umoja wa Ulaya, au Marekani, hata Ufilipino. Anayeishi Kenya hapandishiwi. Anabaki na kiwango alichokuwa nacho siku alipoanza kulipwa au alipohama. Aliyestaafu huku mwaka 2000 na pensheni kamili ya msingi, pauni 67.50 kwa wiki, bado anapokea 67.50. Mwenzake aliyebaki Leeds, aliyechangia miaka ileile, mwaka 2024 alikuwa akipokea 169.50. Annette Carson, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, aliishtaki serikali yake kwa jambo hilohilo. Alishindwa katika mahakama ya juu kabisa ya kwao mwaka 2005, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikamkatalia tena mwaka 2010. Kwa hiyo Mwingereza akitaka pensheni yake ikue, akazeekee Manila, asije Mombasa.

Wengine si bora sana. Italia humpa ruzuku mzee asiye na kipato, lakini akikaa nje zaidi ya siku 29 inasimamishwa. Ujerumani itakutumia popote pensheni uliyoichangia, ila msaada wa kujazia pensheni ndogo haukufuati ukihama. Ukijumlisha yote unapata hivi: kila mwezi ambao babu huyu amelala kwenye kitanda cha kamba Mtwapa, hazina ya kwao inaokoa pesa ya makao ya wazee, ya muuguzi, ya joto la nyumba wakati wa baridi. Anayefidia ni muuza mahamri.

Serikali yetu nayo ina mlango, ila imeuweka juu sana. Mgeni anayetaka kukaa tu, bila kazi wala biashara, anaomba kibali cha daraja K, na lazima aonyeshe kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni mpya kamili ya Uingereza, ile ya waliofikia umri wa kustaafu tangu 2016 na kuchangia bila pengo, mwaka 2024 haikufika dola 15,000. Yaani hata mstaafu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kukosa hana sifa ikiwa hana akiba ya pembeni. Njia ya ndoa ipo: miaka mitatu ya kuoana na raia inakufungulia ukaazi wa kudumu, saba inakufungulia ombi la uraia. Lakini ndoa nyingi za huku hazikuandikishwa popote, na mabwana wengine waliacha mke Ulaya bila talaka. Akishapitwa na tarehe ya kibali, sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamngojea na faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote.

Nani ataenda ofisi ya uhamiaji mwenyewe akijua hayo? Hakuna. Anajificha. Na akijificha, hospitali anakwenda akiwa mahututi, mwenye nyumba anamwongezea kodi kwa sababu hatathubutu kulalamika, na kuna wanaogonga mlango jioni wakidai wametumwa, wakaondoka na noti badala ya kumkamata. Noti hiyo nayo inatoka kwenye mbaazi.

Najua nitakachoambiwa: mbona unamtetea mzungu, Mmakonde je? Swali la haki kabisa. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakazaa na kuzeeka Kwale, na kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi hata kusajili laini ya simu. Ilibidi Oktoba 2016 waanze safari ya miguu kwenda Nairobi ndipo Rais Kenyatta akaamuru wapewe uraia. Wapemba wa huku Pwani walisubiri uraia hadi 2023. Wao walipokutwa bila karatasi hawakuachwa wanywe chai kibandani. Ngozi nyeupe imemkinga babu miaka mingi na taabu ambayo jirani yake mweusi aliipata kila wiki. Sipingi. Ila nachukua somo tofauti kutoka kwa Wamakonde: serikali ikitaka, karatasi zinapatikana, na kwa haraka.

Halafu tuna wetu. Wako Wakenya na Watanzania Marekani walioingia kwa viza ya masomo miaka ya themanini na tisini, viza ikaisha, wakabaki. Leo ni wazee wanaofagia ofisi usiku. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inasema aliyepitiliza zaidi ya mwaka mmoja akitoka hawezi kurudi kwa miaka kumi, kwa hiyo mama anazikwa Machakos au Moshi na mtoto anatazama mubashara kwenye simu. Akiugua, watu wa kanisa lake wanachangishana. Tunapowaombea hao huruma, tunaiomba kwa serikali ya watu wengine. Itakuwa ajabu tukiwa nayo kwa walio kule tu.

Ninachotaka kinawezekana bila kupindua nchi. Kuwe na kibali cha wazee kinachoangalia umri na miaka mtu aliyoishi hapa, si dola peke yake. Anayejisalimisha kwa hiari asipigwe faini asiyoweza kuilipa hata akiuza figo. Na kibali hicho kitolewe kwa mkataba na nchi yake, kwamba ile pesa ambayo angetunziwa kwao, hata robo yake, inamfikia anayemtunza huku, kwa jina lake, kwa simu yake. Uingereza iache kugandisha pensheni za wazee wake walio huku. Nairobi ina mabalozi wa nchi zote hizi, na hutualika kwenye hafla zao kila mwaka. Siku moja kati ya hizo ajenda iwe hii.

Hilo litachukua muda. Kwa hiyo wewe dada uliye na babu ndani ya nyumba leo, ungali unaongea naye, fanya jambo moja. Mwombe nakala ya pasipoti hata kama imeisha, namba yake ya pensheni, anwani ya ndugu yeyote huko kwao, na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake kusema anataka azikwe au achomwe. Weka yote kwenye mfuko wa plastiki, kabatini. Mochari inahesabu kwa siku, na mambo manne hayo ndiyo utakayoulizwa ukipiga simu ubalozini.