Watazamaji wapo, na kipindi kinafutwa

Mwaka 1971 kituo cha CBS cha Marekani kilivifyeka kwa mkupuo vipindi vyake vyenye harufu ya shamba: Green Acres, The Beverly Hillbillies, Hee Haw, Mayberry R.F.D. Hiki cha mwisho kilikuwa bado miongoni mwa vipindi 20 vinavyotazamwa zaidi nchini. Pat Buttram, aliyeigiza katika Green Acres, alitania kwamba CBS wamefuta kila kipindi chenye mti. Watazamaji walikuwepo tele. Tatizo walikuwa wazee na watu wa vijijini, ilhali wenye matangazo walitaka vijana wa mijini.

Ndiyo maana husita mtu akiniambia kipindi fulani kimefutwa kwa sababu hakitazamwi. Mara nyingi ni kweli, tena kweli tupu. Tangazo huuzwa kwa idadi ya macho. Macho yakipungua bei yake hushuka, huku waigizaji wa msimu wa tano wakidai zaidi kuliko walivyolipwa msimu wa kwanza. Mashabiki wa Star Trek, kipindi cha safari za anga za juu, walikimwagia kituo cha NBC maelfu ya barua, wakapata msimu wa tatu. Kituo kikausukumia Ijumaa saa nne usiku, vijana wakiwa matembezini, na 1969 mambo yakaisha.

Ila namba hiyohiyo ya watazamaji ikisomwa kwa pupa huua kitu kabla hakijaiva. Cheers, kichekesho cha watu wa baa, katika msimu wake wa kwanza, ulioanza 1982, ilikuwa karibu na mkia kwa idadi ya watazamaji. NBC ikaivumilia (nahisi pia haikuwa na cha maana cha kuweka mahali pake), ikadumu misimu 11.

Halafu kuna suala ambalo mashabiki hulisahau: kipindi ni mali ya nani? Kituo cha Fox kiliifuta Brooklyn Nine-Nine, kichekesho cha polisi, Mei 2018, na kesho yake NBC ikaichukua. Mitandaoni watu walijipongeza. Kelele zao zilisaidia, sikatai. Lakini mtengenezaji wake ni Universal Television, ndugu wa tumbo moja na NBC, yaani kampuni mama yao ni moja. Kwa Fox kilikuwa kipindi cha kununua kwa jirani. Kwa NBC kila msimu mpya ulikuwa mali ya ukoo, ya kuuzwa tena na tena kwingineko. Watazamaji walewale walioonekana wachache mno kwa Fox wakatosha kwa misimu mingine mitatu.