Rosa ni introveti au anamuogopa baba yake?

Jumamosi iliyopita kijiweni kwetu Majengo hapa Moshi kahawa ilipoa kwenye vikombe kwa sababu ya Rosa. Sio Rosa wa mtaani, nasema Rosa wa Kezilahabi, yule wa riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971. Dogo mmoja wa chuo alisema Rosa ni introveti, mtu mkimya wa kujitenga, mwenzake akakataa, huyo ni sangwini kabisa, mchangamfu wa watu, ila kabanwa tu nyumbani, basi hapo ndo ikaanza. Kuna broo mmoja mhasibu huwa haongei sana, akaweka kikombe chini akasema nyie mnapiga ramli, hizo herufi zenu nne za vipimo vya tabia hazina tofauti na nyota za magazetini, afu mbaya zaidi mnampigia ramli mtu ambaye hata hajawahi kuzaliwa.

Hiyo kauli nimekaa nayo wiki nzima, maana kuna sehemu yupo sahihi kabisa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, baadaye kila mmoja akapewa karatasi ya majibu yake na kuulizwa imempatia kiasi gani, alama 0 mpaka 5. Wastani ukatoka 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, na aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu! Kwa hiyo mtu akikwambia "nilisoma aina yangu nikatetemeka, ni mimi mtupu", hapo bado hajathibitisha kitu.

Ila kuna namba nyingine inanisumbua kuliko hiyo. Kipimo cha Myers-Briggs, ndo hicho cha aina 16 na herufi nne, watu wakirudia baada ya wiki tano tu, hadi nusu yao wanaweza kutoka na aina tofauti na ya kwanza. Nusu! Na sababu yake ukiifikiria ni rahisi, kipimo kinachora mstari katikati, aliyepata 49 anaitwa hivi, wa 51 anaitwa vingine, wakati hao wawili wanafanana kama mapacha, na watu wengi wamejaa hapohapo karibu na mstari. Ukijibu siku umetoka msibani unaangukia upande huu, ukijibu siku mshahara umeingia unaangukia ule. Sasa fikiria kuna mahali mtu ananyimwa kazi kwa mstari huo. Na huku kwetu kwenye semina za ndoa yale majina manne ya kale ya tabia, sangwini mchangamfu, koleri mwenye hasira, melankoli mwenye huzuni na flegmatiki mtulivu, yanafundishwa kama vile daktari kapima damu, binti anaambiwa wewe melankoli na huyu sangwini mtashindwana, anarudi nyumbani anaanza kumuangalia mchumba wake kwa jicho lingine. Hapo mi nipo na mhasibu asilimia mia.

Lakini angalia hiyo namba inamhusu nani. Inamhusu mtu aliyekaa na karatasi anajijibia mwenyewe. Rosa hajajaza fomu yoyote. Rosa ana kurasa tu, na hizo kurasa hazibadiliki baada ya wiki tano, na kila aliyepo kijiweni anaweza kuzifungua.

Na hiki ndo watu wanachokikosea kuhusu hawa madogo. Wanadhani wanabandika lebo wanaondoka, wakati kilichotokea Jumamosi ni kwamba lebo ilifungua ugomvi na ugomvi ukawarudisha watu kitabuni. Dogo akaleta ushahidi wake, Rosa sekondari anawaogopa wavulana, hajichanganyi. Mwenzake akamuuliza sasa akifika chuo cha ualimu huyo anayejiachia ni nani, introveti wako kaenda wapi? Kimya. Afu mhasibu yuleyule wa ramli, sijui alikisoma lini hicho kitabu, akasema huyo mtoto hakuwa mkimya hata siku moja, alikuwa anamuogopa baba yake, mmesahau Zakaria alivyompiga kwa ajili ya barua ya mvulana?

Nikamwangalia nikasema moyoni, broo, hiyo ndo kazi yenyewe. Swali la Rosa ni aina gani halikupata jibu, ila lilitufikisha kwenye swali ambalo riwaya nzima imelibeba, kipi ni tabia ya mtu na kipi ni alama ya fimbo. Nani hapo angelifikia kwa kukariri "sifa za mhusika" kama tulivyokuwa tunakariri shule, Zakaria ni mlevi, Zakaria ni mkali, weka nukta, chukua maksi?

Shule yenyewe tulifundishwa kuna wahusika bapa na wahusika duara. Sungura wa hadithi ni bapa, mjanja toka mwanzo mpaka mwisho, mpe herufi zozote, mjadala umeisha. Herufi zinakuwa tamu kwa mhusika duara, yule mwenye sura nyingi na anayebadilika, kwa sababu zinakataa kumkaa, na pale zinapokataa ndipo mwandishi alipofanya kazi, weka kidole hapo usome tena.

Tena historia yenyewe iko upande huu. Kabla hata hajamsoma Carl Jung, ambaye kitabu chake cha aina za tabia kilitoka 1921, Katharine Briggs alianza kwa kusoma maisha ya watu maarufu akiwapanga kwa makundi, na binti yake Isabel Briggs Myers aliandika riwaya za upelelezi. Hawakuwa wanasaikolojia wa kusomea, na wakosoaji wanalitaja hilo kama aibu. Mi naona kipimo kilianzia kwa wasomaji, kikaharibikia kilipogeuzwa fomu ya kazini.

Kwa watu halisi ndo napunguza mwendo. Mwalimu Nyerere kijiweni ana aina kama nne. Mmoja anashika Azimio la Arusha la 1967 anasema huyu mtu wa ndoto kubwa, mwingine anashika operesheni vijiji, watu wanahamishwa hawataki, anasema hapana, huyo mipango kwanza moyo baadaye, wa tatu anakumbusha alivyong'atuka 1985 kwa hiari yake. Wote wana ushahidi. Au Sokoine, aliyekuwa waziri mkuu, wazee wa Monduli waliomjua na sisi tuliobaki na hotuba na vita ya wahujumu uchumi ya 1983 hatuwezi kuwa tunamuongelea mtu mmoja. Kiongozi tunaona upande aliotugeuzia, na riwaya inakuingiza mpaka chumbani kwa mtu. Kwa hiyo bishaneni, ila mtu aseme kaona wapi.

Na Mwalimu mwenyewe mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo watu wake wanafanya mchezo huuhuu. Caesar anamsoma Cassius, mmoja wa watakaomuua, amekonda, anafikiri sana, hapendi muziki, kucheka kwake kwa nadra, watu wa hivi ni hatari. Kampatia kabisa, na hakuchukua hatua yoyote. Na mwishoni Antony amesimama kwenye maiti ya Brutus, adui yake, anasema vile vitu vinavyomuumba mtu vilichanganyika ndani yake kwa namna ambayo maumbile yenyewe yangeweza kusimama na kuutangazia ulimwengu kwamba huyu alikuwa mtu. Ni nadharia ileile ya wale sangwini na melankoli, kwamba tabia inatokana na mchanganyiko wa vitu ndani ya mtu, ila humo anayesifiwa ni yule aliyechanganyika.

Jumamosi hii ni zamu ya Brutus. Dogo ameshasema atakuja na herufi zake nne, na mhasibu ameshamwambia aje na ukurasa.