Ukishairuti Simu, KNOX Ibaki ya Nini?

Aliyekuwa na Galaxy S4 au Note 3 ya Samsung kati ya 2013 na 2014 anaukumbuka ujumbe ule. Umeshairuti simu yako, yaani umejitwalia madaraka ya juu kabisa juu ya mfumo, yale ambayo mtengenezaji hakukupa. Unafungua SuperSU ili uzigawie ruhusa programu unazozitaka, na papo hapo juu ya kioo inatokea taarifa: kuna programu imejaribu kuingia kwenye mfumo bila idhini, imezuiwa. Aliyezuiwa ni wewe, kwenye simu yako. Unaifuta taarifa, inarudi. Ikafika mahali SuperSU yenyewe ikawa inauliza: KNOX imeonekana humu, tujaribu kuizima?

Wengi tulibonyeza ndiyo. Na mpaka leo, kila inapotajwa simu iliyorutiwa, ubishi ni ule ule: programu ya usalama iliyokuja na simu, kama hii KNOX ya Samsung, na ambayo hukuiomba, uifute au uiache?

KNOX haikuwa programu ya ovyo, tuseme haki. Samsung iliitangaza Februari 2013 huko Barcelona, ikiwalenga waajiri: mfanyakazi awe na simu moja yenye vyumba viwili, cha kazi na cha nyumbani, barua za kampuni zisichanganyike na picha za harusi. Mei mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliidhinisha simu zenye KNOX zitumike kwenye mitandao yake. Lakini mtu aliyenunua Galaxy kwa jasho lake, asiye na ofisi inayomdai chumba cha pili, alikuta kwenye orodha ya programu majina kama KNOX Agent na KLMS Agent, na hakuna hata moja lenye batani ya kusanidua.

Mabishano mengi hupotea njia hapa, kwa sababu jina KNOX linabeba vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni kundi la programu zilizowekwa kwenye sehemu ya mfumo: mafaili ya kawaida ya apk, ambayo mwenye ruti anaweza kuyahamisha, kuyabadili jina au kuyafuta. Cha pili kimo kwenye chipu yenyewe. Ni fyuzi ndogo ya kielektroniki ambayo ikiungua, imeungua. Iwashe Galaxy ya wakati ule katika hali inayotumiwa na Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi simu za Samsung, yaani kuzipandishia mfumo, na utaona mstari wa udhamini wa KNOX. Simu isiyoguswa husoma 0x0. Iliyowahi kuwekewa kerneli (kiini cha mfumo) au rikavari (sehemu ya kuokolea simu) ambayo Samsung haikuisaini husoma 0x1, na hairudi nyuma hata ukiiflashi upya kwa mfumo halisi wa kiwandani. Hiyo 0x1 ndiyo inayozuia chumba cha kazi kisijengwe tena, na katika simu zilizofuata ndiyo iliyozima Samsung Pay na Folda Salama.

Kwa hiyo anayeuliza kama kufuta KNOX kutamwondolea ulinzi mara nyingi amechelewa kuuliza. Aliyeruti simu yenye KNOX kwa CF-Auto-Root, kifurushi cha kuruti kinachoflashiwa kwa Odin, aliunguza fyuzi dakika ile ile. Kuanzia hapo zile programu zinalinda chumba kisichoweza kujengwa. Zinakula nafasi, zinaamka kila simu inapoamka, na kazi pekee inayoonekana ni kumpigia kelele mwenye simu. Mtu huyo namwambia azitoe, bila kigugumizi. Kuziacha kwa jina la usalama ni kumlipa askari wa getini wakati nyumba imeshabomolewa.

Wanaopinga huwa wanaanza na hofu ya simu kukwama kwenye nembo. Hofu hiyo ni ya kweli ila inatibika. Anayeumia ni yule anayechukua orodha ya mafaili iliyoandaliwa kwa S4 na kuitumia kwenye simu nyingine kama ilivyo, akafuta kitu ambacho mfumo wa simu hiyo unakitegemea ili uwake. Mwenye subira hugandisha kwanza, yaani huizima programu bila kuifuta, akae na simu siku mbili tatu, aone kama kuna kilichovunjika, ndipo afute. Na kabla ya yote awe na nakala ya mfumo wake. Tangu Magisk, zana mpya ya kuruti, itoke mwaka 2016 kazi imekuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa inafunika sehemu ya mfumo bila kuiandika upya. Ukiona mambo yameharibika, unaiondoa moduli, yaani kifurushi kilicholeta mabadiliko hayo, na kila faili linaonekana tena mahali pake. Kwenye simu nyingi zilizotoka na Android 10 na kuendelea huwezi hata kuiandika sehemu hiyo kwa njia ya zamani, kwa hiyo ushauri wa mwaka 2014 wa kufuta moja kwa moja umepitwa na wakati.

Hoja yao iliyo nzito ni nyingine, na husikika mara chache. Juni 2014 George Hotz, yule aliyewahi kuifungua iPhone akiwa bado kijana mdogo, alitoa Towelroot. Unaipakua kama programu yoyote, unabonyeza mara moja, na Galaxy S5 yako imerutiwa huku fyuzi ikiendelea kusoma 0x0. Tulishangilia. Kilichotumika ni tundu kwenye kerneli ya Linux, katika sehemu iitwayo futex, lililosajiliwa kama CVE-2014-3153. Ebu litazame tena jambo lenyewe: programu ya kawaida, isiyoomba ruhusa yoyote ya ajabu, imeruka kuta zote na kukalia kiti cha mwenye nyumba. Tundu lililompa mwenye simu uhuru wake ndilo hilo hilo ambalo mchezo wa bure uliopakuliwa mtaani ungeweza kulipitia bila kukuambia.

Kwa hiyo zile taarifa zilizotukera hazikuwa uzushi. KNOX iliona kitu cha kweli. Ilichoshindwa ni kumtambua mwenye mali, na Samsung haikumwekea mahali pa kujitambulisha, pa kusema: huyu ni mimi, nyamaza. Ukiizima, kelele zinakwisha, lakini mlangoni umebaki wewe na kidole chako. Kila programu ikiomba ruti, anayebonyeza "ruhusu" ni wewe, saa nyingine usiku, ukiwa na usingizi. Wapo wanaoliweza hilo. Wapo ambao simu yao ilirutiwa na fundi ili apandishe mfumo mwingine, hata hawajui SuperSU ni kitu gani, na hao kelele zile zingewafaa.

Hata hivyo sikubali kwamba programu ya usalama iaminiwe kwa sababu tu imetoka kiwandani. Aprili 2019 kampuni ya Check Point ilieleza ilichokikuta kwenye Guard Provider, programu ya usalama iliyokuja ndani ya simu za Xiaomi na ambayo mnunuzi hakuweza kuisanidua. Ndani yake mlikuwa na injini tatu za kukagua virusi, za Avast, AVL na Tencent, na mtumiaji alichagua mojawapo. Masasisho yake yalisafiri kwa njia isiyosimbwa. Mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi moja na wewe, tuseme hotelini au uwanja wa ndege, angeweza kudaka sasisho njiani na kupenyeza lake. Na kwa kuwa injini zote ziliishi ndani ya programu moja zikitumia ruhusa zile zile, udhaifu wa moja uliunganishwa na udhaifu wa nyingine mpaka mvamizi akaweza kuendesha msimbo wake kwenye simu. Xiaomi ilirekebisha. Lakini kabla ya marekebisho, mwenye simu iliyorutiwa aliyekuwa ameifuta Guard Provider kwa kuchukia tu mrundikano alikuwa salama zaidi, kwa upande huo, kuliko jirani yake aliyeiacha. Mlinzi naye ni programu, ana matundu yake, na huyu alikuwa amepewa funguo nyingi kuliko programu nyingine zote.

Wenye ruti wana na mfano wa Tecno W2. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za aina hiyo, zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper ndani yake, zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Transsion, mwenye chapa ya Tecno, alimtupia lawama mmoja wa wasambazaji katika mnyororo wake. Ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, xHelper haifutiki, inabaki. Aliyeweza kuing'oa mara nyingi ni mwenye ruti, au aliyeiflashi simu upya.

Sasa, kuna wasomaji ambao hawajaruti na wanafikiria kufanya hivyo ili tu waiondoe programu moja ya usalama wasiyoipenda. Ningekuwa karibu nao ningewashika mkono. Washa chaguo za wasanidi programu, ruhusu utatuzi wa USB, unganisha simu na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kisha andika adb shell pm uninstall --user 0 na jina la kifurushi. Programu inatoweka kwako, haiamki, haikusumbui. Faili lake linabaki kwenye sehemu ya mfumo, kwa hiyo nafasi hupati, na ukirudisha simu hali ya kiwandani nayo inarudi. Mtu anayependa usafi wa kweli hataridhika. Lakini fyuzi inabaki salama, na benki yako haitakununia. Programu nyingi za benki huikagua simu kwa huduma ya Google ya Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, nazo zikiona kufuli la mfumo (bootloader), linalozuia mfumo wa nje usiingizwe, limefunguliwa hugoma kufunguka. Unabaki na *150*00# ya M-Pesa, ambayo haijali ruti wala KNOX. Hata kitochi kinaiweza.

Kuna aina moja ya programu ya usalama ambayo mimi siiweki kwenye fungu hili kabisa: ile inayolinda deni. Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google, iliyoanza Kenya Julai 2020, ilimpa mtu simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na akiacha kulipa simu hufungwa kutoka mbali. Samsung nayo ina Knox Guard, inayouzwa kwa wakopeshaji kwa kazi hiyo hiyo. Wapo wanaojitangaza kuwa wanatoa "kufuli la mkopo" na kuliita kusafisha simu. Deni likiwa bado, simu si yako yote, na anayekusaidia kuitoa anakusaidia kukimbia mkataba. Neno langu linageuka kabisa siku deni linapoisha. Kufuli ambalo mkopeshaji analiacha ndani ya simu iliyokwisha kulipiwa halina mwenyewe, na mnunuzi asihitaji ruti kuliondoa.

Serikali zimeligusa suala hili kwa mikono tofauti. Korea Kusini, nyumbani kwa Samsung, ilitoa mwongozo Januari 2014 ukiwataka watengenezaji na makampuni ya simu wawaruhusu wateja kufuta programu zisizo za lazima. Umoja wa Ulaya umeweka haki ya kusanidua ndani ya sheria yake ya masoko ya kidijitali, inayotekelezwa tangu Machi 2024, isipokuwa kwa programu ambazo mfumo hauwezi kwenda bila hizo. Neno "za lazima" ndiko ubishi ulikohamia, kwa maana kila mtengenezaji husema mlinzi wake ni wa lazima. Na mlango wa ruti wenyewe unabanwa. Kwenye Galaxy Z Fold3 ya 2021 aliyefungua kufuli la mfumo alikuta kamera zimezimwa, mpaka sasisho la baadaye liliporekebisha. Kwa One UI 8 ya 2025, toleo la Samsung la mfumo wa Android, chaguo la kulifungua kufuli hilo limeondolewa kwenye mipangilio.

Simu za zamani hata hivyo bado zinazunguka, nyingi zikiwa za mtumba, na kwa mnunuzi wake ile fyuzi inayolaumiwa ina faida ambayo sijasikia pande zote mbili zikiitaja sana. Muuzaji anaweza kung'arisha kioo, kubadili kava na kuflashi mfumo wa kiwandani ukaonekana mpya. Fyuzi hawezi kuirudisha. Kabla hujatoa hela zima Galaxy hiyo. Kama ni ya zamani yenye batani ya nyumbani, shika batani hiyo, ya kupunguza sauti na ya kuwasha kwa pamoja, kubali onyo, usome mstari wa KNOX. Ukisoma 0x1, ujue simu imeshawahi kufunguliwa na mtu usiyemjua, na bei izungumzwe upya.