Mtoto anasikia hata mkinuniana

Mwaka juzi mimi na baba watoto tulinuniana kama wiki tatu, sababu hela ya kikoba tu, na wala hatukupigizana kelele maana nyumba zetu hapa Makorora, Tanga, zimebanana, ukipaza sauti mtaa mzima unajua. Tukawa tunamtuma mtoto, alikua na miaka mitatu, "kamwambie baba ako chakula tayari", anaenda anarudi na majibu. Mi najua yuko sawa, si anakula, anaogeshwa?

Mara akaanza kuning'ang'ania gauni, nikienda chooni analia mlangoni, usiku anashtuka, wakati zamani alikua anashinda barazani na wenzie hata hanitafuti. Bibi yake akasema katupiwa jicho, tukamsomea.

Nikaja kusoma habari za Mary Ainsworth, mtafiti wa saikolojia ya watoto, aliekaa vijijini karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955 akiangalia kina mama na watoto wachanga, akaona mtoto anatambaa mbali kuchezea vitu kwa sababu anajua mama yupo pa kurudia. Sasa mi siku zile nilikuepo? Mkono unamlisha uji, akili yote iko kwenye jibu alilonipa baba ake asubuhi.

Na msiseme tutagombana akilala. 2013 watafiti wa Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini huku wanasikilizishwa sauti ya mwanaume mwenye hasira, na wale wa nyumba zenye ugomvi mwingi sehemu za ubongo zinazohusika na msongo zilishtuka zaidi. Wamelala jamani!

Vipigo ni habari nyingine, hapo nenda dawati la jinsia polisi. Naongelea ugomvi wetu huu wa kawaida. Mark Cummings, mtafiti wa hukohuko Marekani, ameonesha mtoto akiona wakubwa wamepatana anatulia sana kuliko ugomvi ukiachwa unaning'inia. Sisi ndo tunapokosea hapo, tunagombana sebuleni tunapatana chumbani mlango umefungwa, mtoto mwisho wake hauoni.

Siku tulipoyamaliza baba ake alikaa kwenye mbuzi uani akanikunia nazi, tunaongea, tunacheka. Mtoto kasimama mlangoni anatutazama, huyu, kisha huyu, muda mrefu tu. Halafu akavaa ndala zake akaenda barazani kwa wenzie.